Winfrida, Fundi wa "Njoo Ijumaa"

Mwaka umekatika, Winfrida, tangu uanguke pale barazani Mwanga, mguu ukiwa bado kwenye pedali ya cherehani na kanzu ya Mzee Mwinshehe imekwama chini ya sindano. Mwaka mzima. Na mimi Yunisi, rafiki yako wa shule, wifi yako uliyejitafutia mwenyewe, bado nina hasira na wewe.

Tangazo hili la kumbukumbu yako lilikuwa liandikwe na baba yako mdogo, Nehemia. Alishaliandika kabisa, akanitumia kwenye simu kutoka Dodoma ili nilipeleke gazetini. Linaanza hivi: "Ulikuwa taa ya familia, mpole, mtaratibu, mwenye maneno machache." Maneno machache! Wewe? Nililisoma nimesimama, nikakaa, nikalisoma tena. Sikulipeleka. Nimeandika hili.

Wasiokufahamu wasikie kwanza ulikuwa nani.

Siku yetu ya kwanza bwenini, kidato cha kwanza, nilikuwa nalia. Kwetu ni Bangwe, shule ilikuwa hapohapo mjini, lakini nililia kama mtu aliyevushwa ziwa na kuachwa Kongo. Ukaja ukasimama mbele yangu, msichana mwembamba mwenye sare iliyompwaya, ukaanza kulia na wewe. Kwa sauti yangu ileile. Kwikwi zangu zilezile, na kufuta pua kwa mkono uleule. Nilikasirika nikasahau kulia. Nikakuuliza, "Wewe una kichaa?" Ukasema, "Kidogo. Una karanga?" Nilikuwa nazo, tukala.

Ulimwiga kila mtu. Mwalimu wetu wa nidhamu alikuwa na kawaida ya kukohoa mara mbili kabla ya kusema "Kwa hiyo basi." Ulikuwa unajificha nyuma ya mlango, unakohoa mara mbili, na darasa zima linaruka kusimama. Siku moja tukasimama, tukaona yeye mwenyewe yuko nyuma yako. Akakwambia rudia. Mtu mwingine angelia, angepiga magoti. Wewe ulirudia, tena vizuri zaidi. Alicheka mpaka akaegemea ukuta, halafu akakupa adhabu ya kuchota maji. Na maji ukayachota ukitembea kama yeye, ndoo kichwani, kifua mbele, shule nzima dirishani.

Jumamosi tukiruhusiwa kwenda ufukweni ulikuwa unawachekesha wavuvi mpaka wanakupa mgebuka wa bure, halafu unawaambia, "Na huyu mwenzangu je? Mnamwonaje, si mgonjwa huyu?" Mimi nikitakiwa kulegeza macho. Sijui kuigiza, Winfrida, hujawahi kunielewa hilo. Lakini mgebuka tulikula wawili.

Hata ndoa yangu ni mzaha wako. Ulimwambia kaka yako Gasper kwamba Yunisi anaumwa hoi, ukaniambia mimi kwamba Gasper anaumwa hoi. Tukakutana njiani, kila mmoja na machungwa yake kwenye mfuko, wote wazima. Tuna watoto watatu sasa. Machungwa sisi wawili hatuyapendi, tulikuwa tunakupelekea wewe.

Baadaye ukawa fundi cherehani, na hapa ndipo watu wa Mwanga watakapoanza kutikisa vichwa. Mikono ulikuwa nayo, hilo hakuna anayebisha. Nguo yako ikimkaa mtu ilimkaa. Lakini kukabidhi sasa! "Njoo Ijumaa." Mtu akija Ijumaa, "Ah, mama, mimi nilisema Ijumaa hii? Hebu keti kwanza." Unamwekea kigoda, unamwigia mteja aliyetoka kugomba sasa hivi, unamwigia mwenyewe anavyoingia amekunja uso, anacheka, anaondoka bila nguo na bila hasira. Akifika nyumbani ndipo anakumbuka alichofuata.

Mzee Mwinshehe wa Ujiji alikupa kitambaa cha kanzu ya Idd el-Fitri, ukamkabidhi karibu na Idd el-Hajji. Akaapa hakupi tena hata leso. Mwaka uliofuata alikuja na kitambaa kingine. Nilimuuliza kwa nini, akasema, "Mwanangu, mafundi wanaowahi nawajua, lakini nikikaa kwao nasinzia."

Sasa nikwambie kinachonikera. Presha. Ulijua unayo. Daktari alikwambia, mimi nikakwambia, mama yako akakwambia. Vidonge ulipewa. Nikikuuliza umekunywa, unasema, "Vimeenda likizo." Nikikaza uso unamwiga daktari, miwani puani, "Mama, chumvi, mama!" Na mimi, kwa upumbavu wa kucheka kwangu, nacheka. Ulisema presha inashuka ukicheka. Haikushuka, Winfrida. Umemwacha binti yako Regina ana miaka kumi na sita. Umemwacha mama yako. Hicho si kichekesho, na kama ungekuwepo ningekwambia usoni, na najua ungenijibu nini, na hilo linanikera zaidi.

Kuna jambo lingine, na hili nawaambia ndugu wote wasikie.

Kwetu msibani kuna watu wenye ruhusa. Mjukuu ana ruhusa, wifi ana ruhusa, shemeji ana ruhusa. Wanavaa nguo za marehemu, wanatembea kama yeye, wanasema kama yeye, waliofiwa wanapata kucheka kidogo katikati ya kulia. Alipofariki bibi yangu Esther kule Bangwe, wewe ulihesabiwa mjukuu kwa sababu ulikula ugali wake wa muhogo miaka yote ya shule. Ulivaa kitenge chake, ukafunga kilemba chake, ukachukua mkongojo ukakaa mlangoni. Kila aliyeingia ulimkodolea macho. "We, mtoto wa nani? Umekuja kulia au umekuja kula?" Hivyohivyo alivyokuwa. Mama yangu, aliyekuwa hajanyanyua kichwa tangu asubuhi, alicheka mpaka wakamshika. Halafu akalia vizuri. Ile siku ndiyo aliyokubali kunywa uji.

Tukiwa tunarudi, ulinishika mkono. Ulikuwa umeacha utani, na wewe ukiacha utani mtu anaogopa. Ukasema, "Nikitangulia mimi, utavaa wewe. Usikubali wanipake sukari." Nikasema mimi sijui kuigiza. Ukasema, "Mimi utaniweza. Umenitazama miaka mingi."

Haya, ukatangulia.

Baba mdogo Nehemia akaja na kamati. Msiba ukawa na ratiba, ukawa na mshereheshaji na kipaza sauti, ukawa na wimbo wa huzuni unaojirudia kutoka kwenye spika. Sikatai, alijitahidi, alikimbia huku na huko mpaka sauti ikakauka. Lakini alisema tangu mwanzo, "Huu utakuwa msiba wa heshima. Mambo ya kizamani hapana." Kisha akasimama kusoma wasifu wako. Mpole, mtaratibu. Tukavumilia. Akafika hapa: "Marehemu alikuwa fundi hodari aliyekabidhi kazi za wateja wake kwa wakati."

Nyuma kabisa, kwenye viti vya wanaume, nikasikia sauti ya Mzee Mwinshehe: "Kwa wakati? Winfrida huyuhuyu?"

Ungewaona, jamani! Vichwa vyote viliinama, mabega yanatetemeka, wanawake wamebana kanga mdomoni. Kicheko kilikuwa pale, kimeiva, kinangoja mtu wa kukitoa. Nikasema moyoni, ndiyo saa yangu. Nikaingia chumbani kwako. Nikavaa aproni yako yenye pini kifuani, nikatia futi yako ya kupimia shingoni, nikavaa miwani yako iliyofungwa kwa uzi. Nikatoka na mwendo wako, ule wa hatua fupifupi, mkoba kwapani, unasalimia watu kumi kwa mara moja.

Nilisema neno moja tu, "Nani...", baba mdogo akanidaka kiwiko. "Yunisi! Heshima!" Mshereheshaji akafungulia wimbo. Nikapelekwa nyuma ya nyumba kwa wanawake wanaomenya ndizi, na futi yangu shingoni, kama mwizi aliyekamatwa na ushahidi. Kaka yako Gasper, mume wangu huyu, alikuwa anatazama viatu vyake. Nimeshamwambia, na leo namwambia tena kwenye gazeti.

Kabla hawajanizungusha kona ya nyumba nilimwona mama yako Marcelina. Alikuwa kwenye mkeka, amejifunika, macho tu yako nje. Ananitazama mimi. Yalikuwa makali yale macho. Nikajua nimemuudhi.

Tukakuzika kwa heshima. Ulizikwa mpole, mtaratibu, mwenye maneno machache. Nilisimama pale makaburini nikawa najiuliza huyu tunayemfukia ni nani.

Tangu hapo nyumba yenu ya Kasingirima haina sauti. Mama alifunga chumba chako cha kushonea, ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga. Jina lako halitajwi. Nikienda, "Shikamoo mama." "Marahaba." Basi. Nikipeleka mawese, "Weka hapo." Nakaa, ananitazama, namtazama, naaga. Regina ana kicheko chako, kile cha kupanda na kukatika, lakini amejifunza kukiziba kwa kiganja kila kinapomtoka mle ndani. Kinatoka puani. Nilikuwa nikimwona vile naumia kuliko siku ya mazishi. Nilisema, mwaka mwingine kama huu na mtoto huyu atakisahau.

Sasa lile tangazo la baba mdogo. Niliona si vizuri lichapwe mama hajalisikia, nikaenda kumsomea. Alikuwa amekaa barazani anachambua mchele kwenye ungo. Nikasoma. "Ulikuwa taa ya familia, mpole, mtaratibu, mwenye maneno machache."

Mama akaacha kuchambua. "Huyo ni nani?"

"Ni Winfrida, mama."

"Winfrida yupi?"

"Wako, mama."

"Yebabawe!" akasema. "Wangu mimi? Wangu alinyamaza lini?"

Akaweka ungo chini. Akafungua pindo la kanga, akanipa ufunguo. "Kafungue."

Winfrida, chumba chako kinanuka mafuta ya cherehani na nguo mpya, kama ulivyokiacha. Nguo za watu zimening'inia ukutani, nyingine hazina kola, nyingine hazina pindo. Aproni ilikuwa kwenye msumari, futi juu yake, na miwani. Nilidhani mama anataka nimsaidie kugawa vitu. Akasema, "Vaa."

"Mama..."

"Nimesema vaa. Siku ile nilikuona unatoka na futi shingoni. Nikasema, afadhali, anakuja mwanangu. Wakakukamata. Nikasema labda kesho. Kesho hukuja. Nikangoja arobaini. Kila ukija hapa unaniamkia, unakaa umenyooka kama umekuja kunihukumu, unaondoka. Nimechoka kukungoja, Yunisi. Utanimalizia lini?"

Yaani mwaka mzima! Mimi nadhani ananikasirikia kwa kuvaa, yeye ananikasirikia kwa kuvua. Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kuwapigia simu kamati yote, mmoja mmoja, niwatukane. Lakini mama alikuwa amesimama ananingoja, nikavaa.

Nilitoka nje, nikaingia tena na mwendo wako. "Mama Marcelina! We Mama Marcelina! Chai yangu iko wapi? Wateja wananitafuta, mtu akija mwambie nimesafiri, nimekwenda Kasulu!" Na kama wewe nikakimbilia nyuma ya pazia.

Nikasema nimeharibu. Halafu nikasikia sauti yake, ile ya zamani, ya kukugombeza:

"Umekwenda Kasulu gani na miguu yako naiona chini ya pazia?"

Alicheka, Winfrida. Alikaa kwenye kigoda chako cha wateja akacheka, akalia, akacheka, anajipiga mapajani, anasema, "Miguu naiona! Miguu hiyoo!" Mimi nyuma ya pazia mbavu sina, machozi yananilowesha miwani yako.

Regina alikuwa uani anafua. Akaja mbio na mapovu mikononi, amefikiri bibi yake ameanguka. Akasimama mlangoni. Akaniona na aproni, akamwona bibi anafuta macho kwa kanga. Kicheko kikamtoka. Mikono ilikuwa na sabuni, au alisahau tu kuziba mdomo, sijui. Kilitoka chote, kikapanda, kikakatika, kama chako.

Mama akamtazama, akasema kwa sauti ndogo, "Ee. Ndiye huyo sasa."

Tulikaa mle chumbani mpaka mchele ukasahaulika nje na kuku wakaula. Tukatafuta gauni langu. Unalikumbuka gauni langu? Kile kitenge cha bluu, ulichonipima mara mbili kwa kuwa mara ya kwanza ulikuwa unacheka, ukaniambia njoo Ijumaa. Tulilikuta. Limeunganishwa ubavuni, shingo imekwisha vizuri kabisa, na lina mkono mmoja. Wa kushoto. Wa kulia umekatwa, umebanwa kwa pini, unangoja.

Nikasema nitampelekea fundi mwingine amalizie. Mama akasema, "Usithubutu."

Jioni nilimpigia baba mdogo Nehemia. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, nimeshika kiuno kabisa. Nikamwambia tangazo lake sikulipeleka, na kwamba tunakuja kaburini na nitavaa, kipaza sauti hakitakiwi, na wimbo wa spika hautakiwi. Badala ya kugomba akauliza taratibu, "Yunisi, humo chumbani... hujaona suruali ya kijivu?"

"Ya nani?"

"Yangu. Nilimwachia nilipokuja Pasaka, mwaka ule kabla hajafariki. Aliniambia Ijumaa."

"Ipo, baba mdogo. Haijaguswa."

Nikasikia anacheka, halafu nikasikia hacheki tena. Akasema, "Mimi nilitaka tu watu wamheshimu." Nikamwambia najua. Akasema atakuja na basi la Alhamisi, na nisiiguse suruali.

Basi ni hivi. Ijumaa hii, alasiri, tutakuwa makaburini kwako. Tumeiweka alasiri ili Mzee Mwinshehe atoke msikitini kwanza. Ile kanzu iliyokuwa chini ya sindano tulimpelekea, akakataa iguswe na fundi mwingine yeyote, na anakuja nayo ilivyo, pindo limeshonwa nusu. Mimi nakuja na gauni la mkono mmoja. Yeyote wa Mwanga, Ujiji, Bangwe na kwingineko mwenye nguo yako ambayo haijaisha, avae hivyohivyo aje. Ambaye chake kiko bado chumbani, apite Kasingirima kwa mama akichukue, na asije na uso wa kamati.

Nitavaa futi. Nitatembea mwendo wako. Nitasema yale ya Kasulu, na mama amesema atanijibu. Atakayetaka kulia atalia, wala hatazuiwa. Bado nina hasira na vile vidonge, na nitakwambia palepale, mbele za watu.

Wanaokukumbuka na wanaokudai: mama yako Marcelina, binti yako Regina, kaka yako Gasper, ambaye safari hii atatazama mbele, baba yako mdogo Nehemia, mimi wifi yako Yunisi na watoto, Mzee Mwinshehe na jamaa wa Ujiji, mafundi wenzako wa barazani Mwanga, na wateja wako wote, waliopata na wasiopata.

Hatuna namna ya kukusahau, fundi, tumekuvaa. Miaka yote ulituambia tuje Ijumaa. Haya, tunakuja.